Karatasi ya Ruhusa

Leo, matanga yamekwisha, tumefungua kopo la maziwa ya unga.
Chini ya vifungo na sindano yenye uzi mweusi
tumeikuta, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachana:
«Mimi, Kyungu Mulimbi, mkazi wa Katuba,
namruhusu mke wangu Musau kufanya kazi kiwandani,
idara ya kuchambua mawe.»
Sahihi imepinda kama msumari uliokataa mbao.
Muhuri wa komini, zambarau, umefifia.

Aliyeipiga mashine alilipwa jogoo.
Baba hakujua kusoma; jina lake tu alilijua, na polepole.
Mama ndiye aliyemsomea
ruhusa ile aliyokuwa anampa.
Alisoma hadi nukta ya mwisho, bila kucheka,
kisha akamkabidhi kalamu.

Miaka sita alichambua mawe ya shaba.
Ukijani ukaingia chini ya kucha, kwenye mistari ya kiganja,
tukila bukari tuliuona kidoleni
kabla kidole hakijazama kwenye sombe.
Mwisho wa mwezi, dirishani, waliita jina la baba.
Baba alisogea. Baba alihesabu.
Mama alishika kikapu.

Kisha tanuri likazimwa. Bomba kubwa la moshi
likabaki limesimama pale
kama mtu aliyesahau alichofuata.
Tukahamia mtoni, mama, mimi, na Kaumba wa miaka tisa,
kuosha mawe ya watu kwa ungo wa gunia,
maji yakimfika mama kiunoni,
Kaumba kifuani.

Siku moja tukakuta ubao umepigiliwa:
MARUFUKU: WATOTO, WAJAWAZITO, POMBE.
Kaumba alikuwa amefika darasa la tatu.
Akawasomea wasiojua, kwa sauti ya shuleni,
mikono nyuma.
Watu wakamsifu.
Alipomaliza, askari akamshika bega akamtoa,
na mama pia, maana tumbo lilikwisha kuonekana.
Mstari mmoja wa rangi nyekundu,
wawili wakarudi nyumbani.

«Sheria ni nzuri,» mama alisema njiani.
Akanyamaza hadi darajani.
«Ila imekuja mikono mitupu.
Mgeni wa namna hiyo unampokea, unamkalisha,
halafu unaingia jikoni
unafunua vyungu kimoja kimoja.»
Akakaanga maandazi. Kaumba akarudi darasani kwa maandazi,
wiki hii ndiyo, wiki ijayo amefukuzwa karo.
Mimi nilibaki mtoni. Nilikuwa mrefu,
hakuna aliyeniuliza umri.

Miaka mingi baadaye redio ikasema
mke hahitaji tena ruhusa ya mume
kufanya kazi, kushitaki, kuweka akiba kwa jina lake.
Mama alikuwa anatwanga. Mchi haukusimama.
Baba alipunguza sauti ya redio,
akafikiri,
akaiongeza tena.

Jumatatu mama alivaa kikwembe cha harusi za watu,
tukaenda mjini, baba nyuma yetu na kofia mkononi.
Kijana wa benki, mwenye tai, akauliza kwa mazoea:
«Na mume, mama?»
«Yuko nje kivulini. Amechoka.
Mwache apumzike.»
Akaandika jina lake lote, akasukuma fomu.
Kijana akatafuta mahali pa sahihi ya pili,
akakuta hapapo,
akageuza fomu kuhakikisha.

Hatukujua kwa nini aliitunza karatasi hii.
Si mapenzi. Kinyongo je? Kaumba anasema hapana;
siku hizi yeye ni karani, anajua kwamba
karatasi hutunzwa kwa sababu ni karatasi.
Kisha akaigeuza nyuma.
Kwa penseli, mwandiko wa mama, herufi zimelala kidogo,
tarehe ni ya mwezi uleule:

«Mimi, Musau, namruhusu mume wangu Kyungu
kununua baiskeli kwa mshahara wangu.»

Haina sahihi. Haina muhuri.
Baiskeli tunaikumbuka wote.
Ilikuwa ya kijani.